Damu ya Mzee Yupi?

Hapo zamani, zamani ambayo umeme ulikuwa umekwisha fika mijini lakini akili za wakubwa zilikuwa bado njiani, palikuwa na mji ukiitwa Shamtambo, na mji huo ulikuwa na Sultani, jina lake Badwi bin Shehe. Alikuwa mtu mnene wa mwili na mwembamba wa subira. Ndevu zake zilikuwa nyeusi tititi, kwa kuwa kila Alhamisi kinyozi aliingia kwa mlango wa uani akiwa na bakuli la piko chini ya kanzu. Mji mzima ulijua habari ya bakuli lile wala hakuna aliyethubutu kuitaja, maana mwenye nguvu mpishe, na watu wa Shamtambo kwa kupisha walikuwa hawajambo.

Sultani huyo alikuwa na wazee wa baraza. Mtu akiniuliza kazi yao nitamwambia kweli, hawakuwa na kazi. Walikaa juu ya magodoro katika diwani, Sultani akisema ndiyo, nao ndiyo, akisema la, nao la, na katikati ya ndiyo na la walisinzia. Kila Ijumaa baada ya sala waliletewa sinia kubwa la pilau ya kuku, likiitwa sinia la wazee, kwa heshima ya mvi zao. Mtu mwingine akilisogelea, hata awe na njaa ya kufa, alipigwa bakora. Mkuu wao alikuwa Waziri Kitwana, mwenye meno mawili na maneno elfu.

Basi ikawa Sultani anakaribia sikukuu ya kukalia kiti cha enzi, naye akataka picha yake itundikwe katika kila nyumba ya mji, ya tajiri na ya maskini, ili mtu akiamka asubuhi amwone yeye kwanza kabla ya kuona uso wa mkewe. Akaagiza ng'ambo printa ya rangi. Ilipofika ikawekwa mezani katikati ya diwani, wageni wapate kuistaajabia, akatafutwa mtu wa kuitumikisha, akapatikana Mbwarali, kijana mpole aliyejifunza kazi hiyo bara. Akapigwa picha Sultani siku ya Jumatano, ameketi juu ya takia la manjano, nyuma yake bendera ya kijani na ukuta wa kijivu, mwilini amevaa joho lake kubwa la rangi ya damu ya mzee.

Rangi hii wauza kanga wanaijua na washona majoho wanaijua. Ni nyekundu iliyoiva mpaka ikaelekea weusi. Kwa nini ikaitwa hivyo sijui, na aliyeiita hivyo alikwisha kufa zamani.

Mbwarali akachapa picha ya kwanza, Sultani akaitazama, akasema hili si joho, hili ni bilingani. Mbwarali akapunguza samawati, akachapa tena, Sultani akasema sasa amevikwa tofali. Akaongeza wino mweusi, Sultani akasema hapo pana nafuu, lakini izidishwe uzito. Akauzidisha, na picha nzima ikawa kama imepigwa ndani ya chungu. Hata ile picha iliyompendeza kidogo asubuhi, penye dirisha la jua, alipoitazama jioni chini ya taa yake yenye kioo cha kijani akaiona imegeuka tope, akaapa kuwa Mbwarali ameingia kwa siri akaibadilisha. Hakuna mzee hata mmoja aliyemwambia kuwa kilichobadilika ni taa.

Mbwarali akajieleza kwa adabu. Akasema rangi inayoonekana katika kioo cha kompyuta ni mwanga, na inayoonekana katika karatasi ni wino, na mwanga na wino havijapata kuwa ndugu wa tumbo moja. Akasema kama Maulana angekubali joho lenyewe lije mezani kwa muda mdogo, liwekwe karibu na dirisha kando ya vipande vya majaribio, angechagua kipande kinachofanana nalo, na kazi ingekwisha. Hayo tu ndiyo aliyoyaomba, na hata mtu mwenye akili ya kuku angempa.

Lakini Sultani alighadhibika, akasimama. Joho la babu yake liguswe na mkono unaonuka wino? Akanena mbele ya baraza, "Rangi nimekwisha kuitaja. Ni damu ya mzee. Kwangu mimi jina latosha."

Wazee wakaitikia kwa pamoja, "Jina latosha, Maulana."

Ndipo ilipopitishwa hukumu, na mpiga mbiu akaitangaza sokoni: picha ifuate jina la rangi, isizidi wala isipungue, na mwenye kuikosa rangi ile atakatwa kidole gumba cha mkono wa kulia, kwa kuwa ndicho kilichokosa. Ikiwa Mbwarali ana jamaa awezaye kuleta rangi sawasawa na jina lake, na ailete kabla ya sala ya Ijumaa. Asipopatikana, kisu kimekwisha kunolewa. Mbwarali akatiwa gerezani.

Basi Mbwarali huyo alikuwa na mke, jina lake Mize, na Mize alikuwa na kaka aitwaye Kombo. Kombo hakuwa na shamba wala duka wala hata kamba ya kufungia mbuzi ambaye pia hakuwa naye. Kazi alizozijua zilikuwa mbili, kula kwa dada yake na kujibu watu. Mjini walimwita mpumbavu, na yeye hakukataa, kwa maana mpumbavu haitwi kuchimba mtaro wala kukaa barazani.

Siku hiyo ya mbiu Kombo alikuwa jikoni kwa Mize, bakuli la kunde magotini. Mize akaingia, akakaa kizingitini, kanga yake imelowa machozi, akamweleza yote. Kisha akasema, "Kaka, kidole kile ndicho kinacholisha wanangu. Na wewe pia kinakulisha."

Kombo akaacha kutafuna. Alimpenda shemeji yake, na neno hilo nalisema wazi kwa kuwa yeye mwenyewe asingelisema. Miaka yote aliyokula pale, Mbwarali hakupata kumtazama mkono unapokwenda bakulini, wala hakupata kuuliza kazi ameipata au bado. Shemeji wa namna hiyo hapatikani mara mbili. Akaliweka bakuli sakafuni.

Akamwuliza Mize, Sultani alisema maneno gani hasa, asimwambie maana yake, amwambie maneno. Mize akamwambia, alisema jina latosha. Kombo akamtaka arudie, naye akarudia. Basi Kombo akatazama bakuli lake, yale maji ya kunde yaliyobaki chini, akacheka mpaka Mize akadhani amepatwa na wazimu. Akamwambia dada yake asiyamwage maji yale, akatoka kwenda sokoni kuonana na fundi wa chuku, yule atibuye migongo kwa pembe.

Asubuhi ya Ijumaa Kombo akabisha hodi katika diwani, kichwani amejitwika ungo uliofunikwa kitambaa, na nyuma yake anafuata yule fundi wa chuku na mkoba wake. Walinzi wakacheka, wazee wakaamka. Sultani akauliza mtu huyu ni nani, akaambiwa ni shemejiye Mbwarali, yule mpumbavu. Kombo akainama, akasema amekuja kwa mbiu ya Maulana, kuleta rangi kwa majina yake, isipokuwa yeye hajui kutumikisha mashine, basi aletwe mfungwa akae mezani.

Mbwarali akaletwa na minyororo yake, uso umemsawijika. Kombo akafunua ungo kidogo, akatoa jani bichi la mpera, akaliweka mezani penye mwanga wa dirisha. "Bendera ni ya kijani, Maulana," akasema, "na hili ni jani." Mbwarali akachapa vipande vya kijani, kimoja kimekolea, kingine kimepauka, vikapangwa kando ya jani, mpaka kimoja kikakaa kama kimechumwa mti ule ule. Wazee wakainuka kutazama, wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Kombo akatoa unga wa manjano, ule wa kutia katika mchuzi, kwa ajili ya takia, na hilo nalo likapatikana. Akatoa majivu ya jikoni kwa ajili ya ukuta wa kijivu. Kisha akatoa bakuli la Mize, akaomba radhi, akalisogeza karibu na shavu la Sultani.

Sultani akauliza hiyo ni nini. Kombo akajibu kwamba watu wote husifu uso wa Maulana kuwa ni maji ya kunde, na haya ndiyo yenyewe. Waziri Kitwana akalitazama bakuli, akautazama uso, akatoa ushahidi kuwa Maulana ni maji ya kunde ya mchemko wa kwanza, na wenziwe wakaapa kuwa hawajapata kuona kunde zenye haiba kama zile. Mbwarali akachapa, uso ukalingana, na Sultani akafurahi sana. Akasema tazameni, mpumbavu ameweza, na huyu aliyesoma ameshindwa.

"Si kosa lake, Maulana," akasema Kombo. "Wewe ulisema jina latosha, naye hakuwa mpumbavu wa kutosha kukuamini."

Sultani akalichukua neno lile kuwa ni sifa. Ndipo Kombo akauliza kwa unyenyekevu kama hukumu ni ile ile, kwamba rangi ifuate jina lake. Sultani akaapa kwa kiti chake kuwa ni ile ile, na mwenye kuikosa au kuizuia, awe mkubwa au mdogo, kidole chake halali ya kisu. Wazee wakaitikia kwa pamoja kuwa ndivyo.

Kombo akasema, "Basi limebaki joho tu." Akaondoa kitambaa kilichobaki. Katika ungo palikuwa na pembe ya chuku, ya kufyonzea damu, kubwa, ya ng'ombe, na wembe uliosuguliwa ukang'aa. "Joho ni damu ya mzee. Fundi yuko tayari. Naomba mzee."

Wazee wakavuta miguu yao juu ya magodoro. Kombo akaendelea kueleza polepole, kama mtu anayeuza mchele, kwamba pembe moja ijae, kwa kuwa mashine haioni tone. Na kwa kuwa damu ikikaa hugeuka nyeusi, itabidi itolewe mpya kila asubuhi mpaka picha za nyumba zote ziishe, na nyumba za Shamtambo, alhamdulillahi, ni nyingi.

Hapo ndipo ulipoonekana msiba. Kila mzee alimtazama wa kando yake kwa macho ya kumpa pole. Kombo akauchukua ungo, akaenda kwa mzee wa kwanza, aliyepinda mgongo mpaka kidevu kinataka kugusa goti, akamwinamia, akasema, "Shikamoo, mzee."

Ninyi mnajua desturi yetu. Ukiamkiwa shikamoo huna jibu ila marahaba, na ukisema marahaba umekwisha kukubali kuwa mkubwa. Mzee yule maisha yake yote alikuwa akiidai shikamoo kwa fimbo, na mtoto akimpita bila kumwamkia alimfuata mpaka kwao kumsemea. Sasa akakohoa, akasema, "Ah, shikamoo ya nini, ndugu yangu? Sisi si rika moja? Niamkie hujambo tu."

Kombo akauliza, na mgongo? Akajibiwa kuwa mgongo aliupinda utotoni kwa kuchuma mapera. Akaenda kwa wa pili, aliyeegemea mkongojo, akamwamkia, naye akasema mkongojo ule ni wa kufukuzia mbwa, na akaacha kuuegemea ili ionekane, akayumba, ikabidi ashikwe. Wa tatu alisema mvi ni za ukoo, kwao hata watoto wachanga huzaliwa nazo. Wa nne alijifanya amelala, na alipotikiswa akasema usingizi ule ni wa ujana. Mjukuu wake alikuwa mlangoni miongoni mwa walinzi, mwenye ndevu, akamtazama babu yake, kisha akatazama dari.

Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Uongo. Siku hiyo katika diwani ya Shamtambo ulirudi, ukaingia kwa milango yote, mpaka baraza zima halikubaki na mzee. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kidole cha Mbwarali walikihukumu kisu kwa neno moja la kuitikia, na wao kwa wembe mdogo wa sokoni walimkana baba, mama na mwaka wa kuzaliwa.

Kombo akafika kwa Waziri Kitwana. Waziri akaona njia zote zimefungwa, na hofu ikikutana na ulimi mrefu huzaa balaa. Akanena, "Mimi ni kijana mdogo tu mbele ya haki. Mzee wa mji huu ni mmoja, naye ni baba yetu sote, Maulana Sultani."

Nadhani alitaka kusifu. Lakini neno likatoka, likakaa pale katikati kama paka aliyeingia msikitini. Kombo akageuka taratibu na ungo wake, akapiga magoti mbele ya kiti cha enzi, akasema kwa sauti ya upole mno, "Shikamoo, Maulana."

Mdomo wa Sultani ukafunguka wenyewe, maana ulimi hufuata mazoea. Likatoka "Mara," na hapo macho yake yakaona pembe, akaifunga midomo akakimeza kipande cha neno kilichobaki. Mkono mmoja ukaenda ndevuni. Akasema kwa ukali kuwa yeye si mzee, na anayedhani ni mzee azitazame ndevu zake. Watu wakazitazama. Ilikuwa Ijumaa, piko la Alhamisi bado bichi, limemwachia alama shavuni.

Basi wakati huo huo akaingia Bi Mwanate, muuza vitumbua, aliyekuwa akileta vitumbua vya Sultani kila asubuhi tangu enzi za babake. Alikuwa hajui habari. Kombo alipomwona akamwamkia kwa mazoea, pasipo hila yoyote, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu Bi Mwanate, kwa sauti iliyojaa diwani nzima.

Waziri Kitwana akaruka kutoka godoroni kwa wepesi ambao kweli ulikuwa wa kijana, akasema mzee amepatikana, mzee amepatikana. Mbwarali kule mezani akaona mambo yameharibika, akainamisha kichwa juu ya minyororo yake. Kombo mwenyewe akaghumiwa. Alikuja kumtisha mbwa mwitu, na aliyeingia mtegoni ni kuku wa watu. Akamweleza bibi kinachotakwa, akamwambia ana ruhusa ya kukataa.

Bi Mwanate akaiweka sufuria yake chini. "Nikatae nini? Mgongo wanivuta tangu mfunguo mosi, na fundi huyu sokoni hapigi bure." Akaketi kwenye godoro la Waziri, akateremsha kanga mabegani, akamgeuzia fundi mgongo. Fundi akachanja, akapiga pembe, na bibi hakusema ah. Alikuwa akiwatazama wanaume wale mmoja mmoja, akawaambia wawe na amani, kwamba haiumi zaidi ya mbu.

Damu ikatiwa katika kisahani cheupe, kikawekwa mezani penye dirisha. Mbwarali akachapa vipande, akavipanga, akachagua kimoja, kikalingana na damu ile pasipo kuzidi wala kupungua. Wazee walioacha kuwa wazee wakaapa kuwa ndicho. Sultani akapumua, akasema haya, kazi imekwisha. Kombo akakichukua kipande kile, akaomba radhi, akakishikiza kwenye mkono wa joho la Sultani.

Kila mwenye macho akaona. Kipande kilikuwa chekundu, kibichi, chenye kuwaka. Joho lilikuwa jeusijeusi kama zambarau iliyokaliwa. Havikufanana hata kidogo. Damu ya Bi Mwanate ilikuwa nyekundu kama ya mtu yeyote, na ukweli ni kwamba damu haizeeki. Hakuna aliyepata kulitafuta jambo hilo kwa kuwa jina lilitosha.

Kombo akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Maulana, mashine imefuata jina, na wazee wamekubali. Kilichoikosa rangi ni joho. Hukumu yasema mwenye kuikosa akatwe kidole gumba. Joho halina kidole. Alivaaye anacho."

Mkono wa kuume wa Sultani ukaingia katika mkono wa joho, polepole, wenyewe, ukapotelea ndani. Akamtazama Waziri, Waziri akatazama mkeka. Akawatazama wengine, na kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa baraza lile hakuna aliyeitikia, kwa sababu hawakujua waitikie ndiyo au la.

Aliyecheka wa kwanza ni Bi Mwanate. Kisha walinzi. Ndipo Sultani naye akacheka, akacheka sana, akajipiga paja kwa mkono wa kushoto, kile kicheko cha mtu aliyeanguka njiani akajifanya alitaka kukaa. Wazee waliposikia Maulana anacheka wakashukuru, nao wakaangua kicheko. Sultani akanena kuwa hukumu imefutwa, kwamba alikuwa akiwapima watu wake akili, na kwamba Mbwarali afunguliwe. Minyororo ikafunguliwa. Kombo akamshika shemeji yake mkono wa kulia, akakitazama kidole gumba, akakifinya, kisha akaugeuzia ukuta uso wake kwa muda, na nimeambiwa hakuwa akicheka.

Sinia la wazee likaja baada ya sala kama kawaida, pilau inafuka moshi. Wazee wakanawa. Kombo akasimama mlangoni na pembe yake, na kila aliyeukaribia mkeka akamwamkia shikamoo. Wakakosa la kujibu, wakapangusa mikono waliyoinawa bure, wakaenda zao. Basi sinia likawekwa mbele ya Bi Mwanate, mzee pekee wa mji, naye akala alichoweza, na kilichobaki kikaenda kwa Mize, ambako Kombo alijulikana kuwapo. Na tangu siku hiyo pilau ya Ijumaa ni ya Bi Mwanate.

Zikabaki zile picha. Sultani hakutaka kusema kwa kinywa chake kwamba joho laweza kuguswa, basi siku ya pili joho lile likaingia mezani kwa Mbwarali limefungwa katika shuka, kwa mlango wa uani, njia ile ile ya bakuli la piko. Mbwarali akaliweka penye dirisha kando ya vipande vyake, na kabla ya adhuhuri rangi ikapatikana. Akauondoa wino mweusi wote aliokuwa ameuongeza kwa amri, kwa sababu sasa ulikuwa hauhitajiki. Joho likatoka joho, kijani kikatoka kijani, uso maji ya kunde. Sultani akatazama mkono wa joho katika picha na mkono wa joho mwilini, akaridhika, akatoa amri zisambazwe katika kila nyumba na asiyetundika aadhibiwe. Hakutazama pengine.

Lakini picha ile, mtakumbuka, ilipigwa Jumatano, na piko hutiwa Alhamisi. Weusi ulipoondolewa, ndevu nazo zikatoka sawasawa na zilivyokuwa siku ile, nyeusi kwenye ncha na nyeupe pee kwenye mashina, pasipo kuzidi wala kupungua. Ikatundikwa hivyo katika kila nyumba ya Shamtambo, ya tajiri na ya maskini, kwa amri yake mwenyewe. Hakuna aliyesema neno. Ila watoto wa mji ule, kwa kuwa wamelelewa na kufundwa adabu, kila asubuhi wakipita chini ya picha huinama na kuiamkia shikamoo, mzee. Kisha husimama kidogo, wakingoja kama itathubutu kuitikia.